Sauti ya Saa Saba na Robo

Sokoni Kongowea nimeomba kilo ya bamia.
Muuzaji kasita, jiwe la mizani mkononi,
kanitazama uso asioujua:
"Wewe si yule wa tanzia? Leo nani?"
Leo hakuna, nikamwambia. Leo ni bamia tu.
Akacheka, akaniongeza kiganja,
ila midomo yake nikaiona ikihesabu kimyakimya:
mama, kaka aliye Jomvu, mtoto aliyelazwa.

Miaka kumi na mmoja nilibisha hodi kwa redio,
baada ya bei za samaki, kabla wali haujapakuliwa.
Mhariri wangu, Bwana Taufiki, hakunifunza mengi:
"Ukikosea jina la waziri, tutaomba radhi saa mbili usiku.
Ukikosea la maiti, utamwomba nani?"
Basi nikawa nawapigia wafiwa simu kwanza:
Kadzo ni kwa dz, au z peke yake?
Na upande wa pili mtu analia
huku akinitajia herufi mojamoja.

Mshahara ulikuwa mgeni wa Idi,
mara mbili kwa mwaka, na haukai.
Nikakopa chamani, nikanunua mashine kuukuu ya chapa,
nikafungua duka uchochoroni, nyuma ya Makadara:
kadi za harusi, vitabu vya risiti, mitihani ya chuoni.
Bibi harusi wa kwanza alinisikia nikisema "karibu",
akazoa karatasi zake, akatoka mbio.
Kadi yake isichapwe na mdomo wa mauti!
Toka hapo Mbodze ndiye aliyepokea wateja;
mimi nyuma ya pazia, bubu mwenye wino viganjani.
Biashara ikashika.

Sasa hili sijapata kulisema hewani.
Tingatinga lilipoingia Kwa Mwandeje
nilijaza daftari zima: nyumba arubaini na tatu,
kisima kimoja, na mwanamke aliyekwenda zake
na mlango kichwani, komeo lingali na funguo yake.
Kampuni iliyoleta tingatinga
ilikuwa imeagiza kwangu kalenda elfu kumi,
nusu ya malipo imekwisha kuingia
na imekwisha kutoka.
Habari nikaisoma ya sita, baada ya mpira,
kwa sekunde arubaini.
Jina la kampuni sikulikosea.
Sikulitaja.

Nimestaafu. Duka nimemwachia Mbodze.
Kila Jumanne huweka meza barazani, Kisauni,
nikawajazia watu fomu: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho,
bila senti, mtu aje na kalamu yake akipenda.
Wakaniita hotelini, wakanipa kioo cha heshima
"kwa utumishi uliotukuka wa Bi Umasi Ngowa".
Mimi ni Umazi.
Nikasimama, nikashukuru. Sikusahihisha.

Jumanne iliyopita akaketi mbele yangu mwanamke,
mjukuu ubavuni, mvulana wa darasa la nane asiye na cheti.
Nilimjua kwa shingo.
"Sauti hii naijua," akasema.
"Ndiyo. Ya tanzia."
"Ya mume wangu uliisoma vizuri. Hukukosea hata jina la babake."
Nikainama kwenye fomu.
Mahali pa kuzaliwa?
"Kwa Mwandeje."

Pale sasa pana bohari, na ukuta, na mlinzi mwenye rungu.
Karani atalikata jina kwa kalamu nyekundu, najua.
Nikamuuliza laandikwaje,
na hilo pia nilikuwa nalijua.
Akanitajia herufi mojamoja,
nami nikaziandika kubwa
hata zikatoka nje ya kisanduku.